Mwalimu, usiing'oe hiyo redio ya kaseti

Mwalimu mmoja wa Mbale, kaunti ya Vihiga, ameniandikia hivi, nami nafupisha:

"Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Fielder ya 2003, bado ina redio yake ya Japani, ya CD na kaseti. Marehemu kaka yangu aliniachia iPod classic, kile kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, imejaa benga, rumba na nyimbo za kwaya. Nilinunua modyuleta, ile inayorusha muziki kwa FM hadi redioni, ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti nisikilize nikienda kazini Kisumu, lakini kila mara kuna stesheni inaingia juu ya wimbo, na kuna mlio kama wa mbu unaopanda nikikanyaga mafuta. Fundi mmoja mjini amesema ning'oe redio yote niweke ya skrini. Nifanyeje?"

Mwalimu, pole sana kwa kaka yako. Nimesoma barua yako mara mbili, na jibu langu linaanza mbali kidogo na gari. Linaanza na hiyo iPod.

Ndani ya iPod classic mna diski inayozunguka, ndogo ya inchi 1.8, kama ile ya kompyuta. Apple waliacha kuiuza mwaka 2014, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa kutoka dukani imeshapita miaka kumi. Diski ya umri huo haitoi taarifa kabla ya kufa. Siku moja unasikia tik, tik, tik, na nyimbo zimekwenda. Redio inaweza kununuliwa tena, nyimbo alizozipanga kaka yako haziwezi. Kwa hiyo kabla hujanunua waya wowote, zitoe nakala.

Ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wake mpana wa pini 30. Kama kompyuta ina iTunes, programu ya muziki ya Apple, na ikakuuliza kama iifute iPod na kuilinganisha na maktaba mpya, kataa. Hapo ndipo watu wengi wamepoteza kila kitu kwa kubofya mara moja. Na kama Windows ikisema diski inahitaji kufomatiwa, kataa pia. Mara nyingi maana yake ni kwamba kaka yako aliitumia na kompyuta ya Mac, na Windows haiwezi kusoma mpangilio wa diski hiyo. Tafuta mwenye Mac akusaidie. Ikifunguka kama diski ya kawaida, iambie kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Utaona folda inayoitwa iPod_Control, ndani yake Music, na ndani ya hiyo folda nyingi: F00, F01, F02 na kuendelea. Usishtuke ukikuta nyimbo zimepewa majina ya herufi nne yasiyo na maana. Jina la wimbo na la mwimbaji limeandikwa ndani ya faili lenyewe, na programu ya muziki italionyesha. Nakili folda yote ya Music, uiweke mahali pawili. Orodha alizozipanga kwa mkono hazitakuja kwa njia hii, basi ziandike kwenye daftari ukizisoma kwenye kioo cha iPod. Ni kazi ya jioni moja.

Sasa tuje kwenye gari. Una matatizo mawili yaliyochanganyika, na kila moja lina chanzo chake.

La stesheni kuingilia. Gari lako lilitengenezewa barabara za Japani, na FM ya Japani wakati huo ilikuwa kati ya 76 na 90. Sisi huku tunatumia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana gari kama lako likifika Mombasa, mtu huchomeka kijisanduku nyuma ya redio, kwenye waya wa eriali. Mafundi tunakiita ekspanda. Kazi yake ni kuzishusha stesheni zetu ziingie kwenye vipimo ambavyo redio inavielewa. Nyingi hushusha kwa 20, kwa hiyo stesheni ya 100 utaipata ukiwa umeweka 80 kwenye redio. Kuna zinazoshusha kwa kiasi kingine.

Nadhani ulifanya kile ambacho kila mtu hufanya: uliweka modyuleta kwenye 87.9, ukaweka redio nayo kwenye 87.9. Ni sawa kabisa kwa redio ya kawaida. Lakini kwenye redio yako, 87.9 ni mlango wa 107.9. Redio inasikiliza huko juu kwa nguvu zote, na wimbo wako unapenya kwa kujiibia tu. Kukiwa na stesheni huko juu au jirani yake, itakushinda kila siku, kwa sababu mnara wake uko mlimani na modyuleta yako iko ndani ya kasha la bati.

Jaribu hivi leo jioni. Tafuta stesheni ambayo namba yake halisi unaijua kwa sababu wanaitaja hewani kila saa. Angalia redio inaonyesha namba gani. Toa. Tofauti ndiyo kiasi ambacho ekspanda yako inashusha. Sasa chagua namba tupu ya juu kwenye modyuleta, kisha weka redio kwenye namba hiyo ukiwa umetoa ile tofauti. Ikiwa tofauti ni 20 na modyuleta iko 106.3, redio iwe 86.3. Namba tupu itafute ukiwa Mbale. Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi, yananyooka, kwa hiyo nyumbani kwako huko juu unapokea minara mingi kuliko aliye chini ufukweni Kisumu. Namba iliyo tupu mjini inaweza kuwa imejaa ukifika Majengo, na hilo ndilo linalowachosha watu wa barabara hiyo.

Hiyo itakusaidia, lakini nisikufiche: hata ikikaa vizuri, FM haipitishi sauti za juu zaidi ya kilohezi 15, na modyuleta za bei rahisi hukata mapema zaidi ya hapo. Ung'avu wa gitaa la benga hutegemea sauti za juu. Ule mlio mkali wa uzi wa kwanza unapodundwa karibu na daraja la gitaa, FM ya modyuleta huufanya uwe kama umefunikwa na blanketi. Kwa taarifa ya habari inatosha. Kwa nyimbo za kaka yako natamani upate zaidi.

La mlio wa mbu. Huu hautoki kwenye eriali wala kwenye spika. Ni altaneta unayoisikia, kile kifaa cha injini kinachochaji betri. Altaneta hutengeneza umeme unaogeuka huku na huku, dayodi zikaunyoosha, lakini haunyooki kabisa, hubaki na mawimbi madogo. Injini ikizunguka haraka, mawimbi yanakuwa ya haraka, na mlio unapanda. Kwa kawaida huyasikii. Unayasikia kwa sababu iPod yako imeshikwa na waya mbili zote zinazorudi kwenye hasi ya gari: waya wa chaja na waya wa muziki. Zikiwa njia mbili, zinafanya duara, na umeme mchafu unapita kwenye waya wa muziki ukitafuta njia fupi ya kurudi kwenye betri.

Usiamini maneno yangu, pima. Washa injini, cheza wimbo, kanyaga mafuta mpaka mlio uje. Sasa chomoa chaja ya iPod, acha waya wa muziki. Ukinyamaza papo hapo, umeupata. Na dawa ya kwanza haina bei: usichaji ukiwa unasikiliza. iPod classic ya mwisho ilipokuwa mpya ilicheza muziki hadi saa 36 kwa chaji moja. Hata kama betri ya kaka yako imebaki na robo ya nguvu hizo, kutoka Mbale hadi Kisumu na kurudi ni safari fupi. Chaji nyumbani usiku.

Kama kuchaji barabarani ni lazima, kuna kijisanduku kidogo kinachowekwa katikati ya waya wa muziki. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo, ya kushoto na ya kulia. Muziki unavuka kwa sumaku bila chuma kugusa chuma, na lile duara linakatika. Vya bei ya chini kabisa hupunguza besi, utaona gitaa la besi limekonda. Omba ukisikilize kabla ya kulipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo sababu hasa ya kukuandikia kwa urefu huu. Redio yako ina kaseti. Yule fundi aliitazama akaona kitu cha zamani. Mimi naona mlango ulio wazi kwa muziki wako, mlango usiopita hewani kabisa.

Kuna kaseti ya kuunganishia. Kwa nje ni kaseti kama zile za zamani, ila haina utepe. Ina waya mwembamba wenye jeki ya milimita 3.5 mwishoni, na ukiitazama pale ambapo utepe ungepita utaona kipande kidogo cha chuma kinachong'aa. Hicho ni kichwa cha sumaku. Ukiitumbukiza redioni, kichwa chake kinakaa uso kwa uso na kichwa cha redio. Muziki wa iPod unageuka kuwa sumaku inayotetemeka, kichwa cha redio kinaipokea kikidhani ni utepe unapita. Hakuna stesheni ya kuingilia, hakuna ekspanda, hakuna kutafuta namba tupu ukifika Majengo.

Nenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, kwenye meza za vitu kuukuu vya umeme. Ukiiona, ishike kabla ya kuulizia bei. Ingiza ncha ya kalamu kwenye kila tundu la gurudumu uzungushe. Yazunguke kwa wepesi, bila kukwaruza na bila kushikana. Hili ndilo la muhimu kuliko yote, kwa sababu redio huchunguza kama magurudumu yanazunguka. Yakikwama, inadhani utepe umeisha, inageuza upande, inageuza tena, halafu inaitema kaseti. Kisha kunja waya taratibu pale unapoingilia kwenye plastiki. Hapo ndipo hukatikia ndani, na utajua umekatika upande mmoja wa spika ukinyamaza.

Kabla ya kuitia redioni, tia kaseti yoyote ya kawaida, hata ya mahubiri, uone kama redio bado inacheza. Ndani kuna mkanda wa mpira ambao kwa joto letu la ziwani hulegea na hata kuyeyuka. Kama redio inaitema kila kaseti, mara nyingi shida ni mkanda huo, na fundi mvumilivu anaweza kuubadilisha. Kama inacheza lakini sauti ni nzito kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, basi kichwa ni kichafu. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kichovye kwenye spiriti ya duka la dawa, ile kali kadiri utakavyoipata. Mulika tochi mdomoni mwa redio, utakiona kichwa kinang'aa katikati, kimepakwa ukoko wa rangi ya kahawia. Huo ni unga wa utepe uliobaki tangu Japani. Pangusa bila kukandamiza mpaka pamba itoke nyeupe, na acha kikauke kwa dakika kumi. Wateja hushtuka wakisikia tofauti, na bado hatujanunua chochote zaidi ya spiriti.

Kwenye redio, kama kuna kitufe chenye alama ya Dolby, yaani cha kupunguza mchakacho wa utepe, kizime, la sivyo kitaondoa zile sauti za juu tunazozitafuta. Kwenye iPod, zima mipangilio yote ya kupamba sauti, na uweke sauti yake kwenye robo tatu. Kuanzia hapo usiiguse, ongeza na punguza kwa redio tu. Ukiiweka iPod chini sana, utalazimika kuifungua redio sana na utasikia mchakacho wa hewa. Ukiiweka juu kabisa, kichwa cha kaseti kinazidiwa na kwaya inaanza kupasuka pale sauti zote nne zinapoingia pamoja.

Kaseti ikishindikana kabisa, hatua inayofuata bado si kung'oa. Kuna modyuleta ya waya, tofauti na yako. Hii hufungwa nyuma ya dashibodi, waya wa eriali unaingia ndani yake na kutoka kwenda redioni. Ukiiwasha, inakata eriali, kwa hiyo redio haisikii kitu kingine zaidi ya iPod. Nyingi hutumia namba kati ya 87.7 na 89.1, ambazo redio yako ya Japani inazifikia yenyewe, mradi modyuleta ikae baada ya ekspanda, upande wa redio. Mwambie fundi neno hilo waziwazi, kwa sababu akiiweka kabla ya ekspanda utarudi kwenye hesabu ya kutoa. Ubora ni ule wa FM, lakini FM iliyotulia.

Baadhi ya redio za Toyota za miaka hiyo zina pia soketi tupu nyuma, ya kuunganisha kisanduku cha kubadilisha CD. Asije mtu akachomelea waya za iPod hapo moja kwa moja. Redio haifungui mlango huo mpaka isikie kisanduku kikijibu, na bila jibu utapata kimya. Kuna vifaa vinavyojibu badala yake, lakini kwa gari lako na safari yako sioni haja.

Na kuhusu redio ya skrini. Si kitu kibaya, nimezifunga nyingi. Ila ujue mambo mawili. Kwanza, haitaisoma iPod yako vizuri eti kwa sababu tu ina tundu la USB. Kama haikutengenezwa kwa ajili ya iPod, itaona zile folda za F00 na F01 na kucheza nyimbo ovyo bila mpangilio. Ikiwa utaiweka siku moja, afadhali uipe flashi yenye nakala zako, iliyofomatiwa FAT32, maana nyingi hazisomi mpangilio mwingine, na ujaribu kwanza faili za m4a kwa sababu redio za bei nafuu huzikataa na kutaka MP3.

Pili, namna inavyofungwa. Tundu la dashibodi ya Toyota lina upana wa milimita 200, na redio nyingi za dukani ni karibu 178, kwa hiyo lazima pawe na vipande vya kuziba pembeni, si gundi wala kadibodi. Na waya za gari lako zisikatwe. Nyuma ya redio kuna plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na kuna plagi za kati zinazoingia hapo bila kisu. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nilikata plagi za mteja nikasokota waya na kuzifunga kwa tepu. Jua la Kisumu likalainisha gundi ya tepu, ikateleza, waya mbili zikagusana, na mteja akakaa gizani Ahero bila taa za dashibodi. Nililipa, na tangu hapo sikati. Kwenye Toyota kama yako waya wa bluu wenye mstari wa njano ndio wenye umeme wakati wote, wa kijivu unapata umeme ukigeuza ufunguo, wa kahawia ni hasi. Hata hivyo fundi apime kwa mita, asiamini rangi. Akibadilisha hizo mbili za kwanza, redio itasahau stesheni zako kila ukizima gari.

Na kama jirani yako ana Toyota ya karibuni yenye skrini ya ramani kutoka Japani, mwambie asikubali betri ichomolewe hivihivi kwa sababu ya kazi ya redio. Nyingi zikikosa umeme hujifunga na kudai kadi ya ramani ambayo haipo. Yako haina shida hiyo.

Ukishaunganisha, usiiache iPod juu ya dashibodi. Apple wenyewe walisema isihifadhiwe mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 45, na gari lililoegeshwa juani Kisumu saa saba mchana hupita hapo. Na kwa sababu diski inazunguka, usiiache ikirukaruka juu ya chuma kwenye barabara ya murami. Ifunge kwa kitambaa kwenye kisanduku cha katikati, halafu ushuke nayo ukifika shuleni. Chagua albamu kabla hujaondoka nyumbani. Ile gurudumu yake ya kugusa inataka macho, na ukiwa unateremka Riat asubuhi na malori mbele, macho yako yana kazi nyingine.

Kaseti ikitemwa hata baada ya kusafisha, nitumie picha mbili: moja ya mdomo wa redio ukiwa wazi na tochi ikimulika ndani, nyingine ya lebo iliyo juu ya kasha la redio yenye namba ya modeli. Nikiziona nitakuambia kama ni mkanda au ni kitu kingine.